Malwina, stroberi ya mwisho wa msimu: je, inafaa kwa shamba letu?

Swali limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Lushoto aliyeolewa Ujerumani, karibu na Nienburg katika jimbo la Niedersachsen. Wakwe zake wanalima asparagasi na stroberi. Wanauza kwenye kibanda kando ya barabara, na siku za mavuno wateja huruhusiwa kuingia shambani kujichumia wenyewe. Aina walizonazo ni Elsanta na Sonata, na zinakwisha watu wakiwa bado wanaulizia. Muuza miche amewashauri waweke Malwina kwenye robo hekta. Dada anataka kujua sifa zake za kweli, kasoro zake, namna ya kuipanda, na kama anaweza kumpelekea mdogo wake huko Lushoto miche kadhaa.

Dada, salamu kwako na kwa wakwe. Kwa kifupi: pandeni, ila anzeni na nusu ya eneo mlilopanga, na kabla ya kulipia hata mche mmoja kaeni mezani mjiulize ni nani atakayenunua stroberi mwezi wa Julai. Alichowaambia muuza miche kuhusu tarehe ni kweli. Kuchelewa huko kuna gharama yake, na gharama hiyo huanza kudaiwa kwenye ua, wiki nyingi kabla hamjaona tunda.

Malwina ni aina ya Kijerumani, kazi ya mzalishaji Peter Stoppel wa upande wa ziwa Bodensee, kusini. Huzaa mara moja kwa mwaka kama Elsanta yenu, wala si ile ya kuzaa kidogo kidogo hadi vuli ya huko, Septemba na kuendelea. Kwa kawaida huanza kuiva wiki mbili hadi tatu baada ya Elsanta. Kwenu ina maana kuchuma kuanzia theluthi ya mwisho ya Juni na kuendelea hadi katikati ya Julai, na mwaka ambao masika ya huko, yaani Machi hadi Mei, ni ya baridi, zaidi ya hapo. Zamani mkulima aliyetaka stroberi ya kuchelewa alipanda Florence, ile ya Waingereza wa East Malling. Malwina huja hata baada ya Florence, na kwa utamu Florence haiifikii.

Tunda lenyewe ni kubwa kiasi, limejaa, lina ngozi ngumu inayong'aa na linastahimili mvua kuliko aina nyingi. Ni tamu, lina harufu ya stroberi hasa. Likate katikati uliweke kando ya Elsanta. Elsanta ina weupe ndani kuelekea kwenye kikonyo, Malwina ni nyekundu iliyokolea mpaka moyoni. Kwa jemu hakuna cha kubishana, kwa sababu rangi inabaki kwenye chupa. Ila rangi hiyo hiyo ndiyo kikwazo chake sokoni. Tunda lililoiva sawasawa linakaribia rangi ya damu ya mzee, na likilala usiku mmoja linazidi kuwa jeusi. Mteja aliyezoea wekundu wa Elsanta analitazama anadhani limepitiliza. Maduka makubwa hayaipendi sana kwa sababu hiyo. Nyie mnauza uso kwa uso, mnaweza kumwonjesha mtu, na akishaonja hana neno. Lakini usiweke kreti ya Malwina pembeni ya kreti ya Sonata bila kibao cha maelezo, maana mteja atadhani zile nyeusi ni za jana.

Sasa suala la mteja, ambalo kwenu nyie naliona zito kuliko ugonjwa wowote. Wakwe zako wanajua kwamba kwa desturi ya Wajerumani asparagasi hukoma kuvunwa tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Hapo ndipo Malwina inapoanza kuiva vizuri. Fikiria wanaosimamisha magari kibandani kwenu: wangapi wanakuja kwa asparagasi na kubeba stroberi kwa sababu wameziona? Asparagasi ikiondoka, baadhi yao hawasimami tena. Cheri nazo zimeingia, shule zinakaribia kufungwa au zimeshafungwa, familia zimekwenda likizo. Kwa upande mwingine, kila shamba jirani limeshamaliza stroberi, hivyo anayetaka hana pa kwenda. Kuna mashamba ambayo wiki hizo ndizo zenye bei nzuri kuliko zote, na kuna mengine yanayobaki na kreti. Ukienda kuuliza, tofauti huwa ni kama kibanda kilikuwa na wateja wa stroberi tupu au wa asparagasi kwanza. Mwaka huu, kabla ya kupanda, wekeni daftari kibandani: kila anayeulizia stroberi baada ya zenu kuisha, andikeni alama. Wiki mbili za alama zitawaambia mengi kuliko orodha yoyote ya bei ya miche.

Turudi kwenye ua. Faida ya kwanza ya Malwina ni kwamba huchanua kwa kuchelewa. Mmeshaziona siku za Watakatifu wa Barafu, tarehe 11 hadi 15 Mei, wazee wa huko wanavyozihofia. Jalidi ya usiku mmoja ikishuka digrii moja au mbili chini ya sifuri inatosha kuua ua lililofunguka. Asubuhi unalikuta petali nyeupe safi, katikati jeusi kama kichwa cha kiberiti. Ua hilo halitazaa. Elsanta na Sonata mara nyingi huwa zimechanua wakati huo na mnahangaika na vitambaa vya kufunika au maji ya kunyunyiza usiku kucha. Malwina kwa kawaida bado imefumba, au ndiyo kwanza inaanza. Katika mwaka wa jalidi mbaya, kipande hicho kinaweza kuwa ndicho kilichobeba mavuno yote.

Hasara yake ni kwamba maua yake hayasimami juu. Mmea una nguvu sana, majani ni makubwa na mengi, na vitawi vya maua hukaa chini ya majani. Upepo hauyafikii vizuri, nyuki nao hawayaoni kwa urahisi. Matokeo yake unayakuta kwenye tunda. Chukua lile lililopinda au lenye ncha iliyobana, litazame kwa karibu. Zile unazoziita mbegu kwa nje, kila moja ni tunda dogo linalohitaji kuchavushwa lenyewe. Palipochavushwa zimenenepa na zimeachana, nyama imejaa chini yake. Palipokosa chavua zimesongamana, ndogo ndogo, na nyama haikukua. Tunda la namna hiyo si ugonjwa wala si upungufu wa mbolea. Ukilijibu kwa mbolea ya naitrojeni unaongeza majani, na majani yanazidi kuyaficha maua.

Kwa hiyo katika aina hii naitrojeni ni ya kubana. Ardhi yenu ya kichanga inaosha mbolea haraka, najua, na mkwe anaweza kuona ni lazima aongeze masika. Akiweza kujizuia, na ajizuie. Sehemu kubwa ya chakula mpeni mmea baada ya mavuno, mwezi wa Agosti, unapojijenga upya na kujiandaa kutunga matumba ya mwaka unaofuata. Masika upate kidogo tu, kama majani yanaonyesha njaa. Pia wekeni mizinga ya nyuki karibu wakati wa kuchanua, maana mwishoni mwa Mei nyuki wana vishawishi vingi vingine.

Kuna mdudu wa kuangaliwa hapo hapo kwenye tumba: fukusi wa maua ya stroberi. Ni mweusi, mdogo, milimita mbili hadi nne, ana pua ndefu. Jike hutoboa tumba ambalo halijafunguka, hutaga yai moja ndani, kisha hulitafuna shina la tumba chini kidogo hadi liname na kuning'inia, au lidondoke kabisa. Ukipita shambani na kuona matumba yaliyokauka yananing'inia kwa uzi, ndiye huyo. Katika Elsanta yenye maua mengi ya mapema uharibifu kiasi huo wakati mwingine ni kama kupunguza tu matunda. Katika Malwina maua si mengi hivyo, na huja wakati fukusi wameshapata joto na wametawanyika. Anzeni kukagua matumba yakiwa bado yamejificha kwenye moyo wa mche. Mkisubiri kuona maua, amekwisha kutaga.

Vithiripi, wadudu wadogo sana wa kwenye maua, nao hupenda aina za kuchelewa, hasa Juni ikiwa kavu na yenye joto. Piga ua taratibu juu ya karatasi nyeupe, utawaona wakitembea kama vijiti vidogo vya njano au kahawia. Wakizidi, tunda linapoteza mng'ao na ngozi yake inakuwa na rangi ya shaba.

Nzi wa matunda yule wa Asia, Drosophila suzukii, nitamgusia kwa sababu watu wengi wa stroberi za mapema hawajawahi kupambana naye. Alionekana Ujerumani mwaka 2011. Nzi wengine wa jamii yake hufuata tunda lililooza. Huyu jike lake lina msumeno wa kutagia na hupasua tunda zima linaloiva. Mwezi wa Mei wapo wachache. Kufikia Julai wameongezeka, nanyi ndio kwanza mnachuma. Dawa kubwa ni usafi: kuchuma kila baada ya siku moja au mbili bila kuacha tunda lililoiva kwenye mche, kutoa shambani yote yaliyoharibika badala ya kuyatupa kati ya matuta, na kupeleka mavuno kwenye baridi haraka. Hapa utaratibu wa wateja kujichumia una kasoro, kwa sababu mteja huchuma mazuri na kuyaacha yaliyolainika pale pale. Katika kipande cha Malwina, kila jioni mtu wenu apite nyuma yao.

Kwenye mizizi Malwina ni bora kuliko mlizonazo. Elsanta ni dhaifu mbele ya mnyauko wa vertisilia, kuvu wa udongoni, na magonjwa ya kuoza kwa shina na mizizi, na shamba lililolimwa stroberi miaka mingi huwa limejaa vimelea hivyo. Malwina inastahimili kwa kiasi kikubwa. Kama kuna kipande ambacho Elsanta ilikuwa ikinyauka bila kueleweka, Malwina ina nafasi ya kusimama pale. Kustahimili kuna mpaka wake lakini. Palipotuama maji msipande stroberi ya aina yoyote.

Kuhusu wapi hasa pa kuiweka, nina mtazamo ambao wakulima wengine hawaupendi. Wengi huwapa stroberi zote kipande chenye joto, kwa mazoea. Aina ya kuchelewa ipewe kipande cha ubaridi zaidi: chenye udongo mzito kidogo kama mnacho, kinachoelekea kaskazini, kisichopata joto la mapema. Msitandaze nailoni nyeusi, kwa sababu inapasha udongo na kuwahisha mavuno, yaani mnalipia uchelewaji kwa mkono mmoja na kuuondoa kwa mwingine. Tandazeni nyasi kavu za ngano. Nyasi zikiwekwa mwisho wa baridi, udongo ukiwa bado baridi, huchelewesha zaidi kwa siku kadhaa, na baadaye hulinda matunda yasiguse mchanga. Umwagiliaji hauna mjadala. Matunda yanajaa wakati jua ni kali kuliko wakati wowote wa mwaka, na katika mchanga wa Nienburg mche wenye kiu mwishoni mwa Juni unatoa matunda ya kwanza mazuri halafu yanayofuata yanakuwa ya kuokoteza. Wimbi la joto likija, tunda lililo wazi juani huungua upande mmoja. Hapo, kwa mara moja, majani mengi yanakuwa msaada.

Nafasi: msifuate vipimo vya Elsanta. Huyu anajitanua. Mimi ningeweka sentimita 33 hadi 35 kati ya mche na mche, yaani takriban miche mitatu kwa mita, na mita moja kati ya mistari. Kwa robo hekta nzima ni kama miche 7,500, kwa nusu yake 3,750. Mkibananisha mnapata ukuta wa majani, unyevu haukauki, ukungu wa kijivu unaingia, na nyuki wanazidi kukosa njia.

Mwaka wa kwanza wa mavuno msitegemee makubwa. Ni tabia ya Malwina kuanza na mavuno ya chini kisha kuongeza mwaka wa pili, mche ukishagawanyika na kupata vichwa vingi. Wakulima wanaong'oa baada ya mavuno mamoja, kama wengi wanavyofanya siku hizi, hupata hasara nayo na kuisema vibaya. Kama mpango wenu ni mwaka mmoja tu, chagueni aina nyingine. Kama ni miaka miwili au mitatu, pandeni mapema: miche iliyohifadhiwa kwenye jokofu la kitalu iingie ardhini Mei au mwanzoni mwa Juni, iwe na kiangazi kizima cha kujijenga. Maua itakayotoa mwaka huo huo yaondoeni. Miche mibichi ya Agosti inawezekana, lakini katika aina inayoanza polepole hivi mnajipunguzia tena.

Jambo moja la baada ya mavuno mara nyingi husahauliwa. Stroberi za mapema mnazifyeka majani mara baada ya kumaliza, na zinachipua upya vizuri. Malwina inamaliza katikati ya Julai au baadaye. Matumba ya mwaka unaofuata hutungwa vuli, siku zikifupika na joto likishuka, na mche unahitaji majani mapya yaliyokomaa kabla ya hapo. Kama mnafyeka, fyekeni wiki ile ile mliyomaliza. Agosti ikiwa imeshaingia, acheni. Ondoeni tu majani ya zamani yenye madoa na vikonyo vinavyotambaa. Vikonyo hivyo msivigeuze kuwa miche ya kuuza, kwani uzalishaji wa miche ya Malwina kwa biashara unahitaji leseni ya mwenye haki ya aina.

Wachumaji wenu nao wafundisheni upya. Aliyezoea kuchuma Elsanta kwa kuangalia rangi, hapa anachelewa. Achume asubuhi na mapema, afunue majani kwa mkono, asiruke mche, na tunda linaloanza kugeuka zambarau liende moja kwa moja kwenye ndoo ya jemu.

Sasa la mdogo wako Lushoto. Sikushauri, na sababu ni ya mmea kabla ya kuwa ya sheria. Kuchelewa kwa Malwina kunatokana na kalenda ya kaskazini: inatunga matumba siku zinapofupika, inalala kwa baridi ya majira ya theluji, kisha inaamka na kuchanua baada ya wenzake. Lushoto iko karibu digrii 5 tu kusini mwa ikweta, mchana ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na hata Julai ya Usambara haiwezi kuulaza mche kama baridi ya Niedersachsen. Aina inayohitaji kulala isipolala hudumaa: vikonyo vya majani vinakuwa vifupi, maua hafifu, mche unajivutavuta. Tena hata ingezaa, hakuna msimu wa kuuchelewa. Kule kinachoamua lini unachuma ni mvua, na tunda huharibika zaidi kwa ukungu wa wakati wa masika kuliko kwa kalenda.

Yeye atafute aina zilizozalishwa kwa ajili ya baridi ndogo. Chandler ya California imezoeleka sana nyanda za juu za Kenya na haidai baridi nyingi. Albion na San Andreas, za California pia, hazijali urefu wa mchana na huweza kuzaa mfululizo palipo na ubaridi wa mlima kama kwake. Anunue miche iliyo ndani ya nchi, akague mizizi ni mieupe na moyo wa mche ni mzima. Kubeba miche kwenye begi kutoka Ulaya usithubutu, hata mitano ya kujaribia. Mimea inaingia Tanzania kwa kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na cheti cha afya kutoka nchi inakotoka. Ukiingiza ugonjwa wa mizizi kwenye bonde la Lushoto, atakayeumia si yeye peke yake, ni majirani wote wanaomwagilia kutoka mto mmoja.

Kwa upande wenu, mkiamua kupanda Mei ijayo, agizeni miche yenye cheti kabla ya Krismasi. Wakati wa kuagiza mwombe muuza miche namba ya mkulima mmoja wa karibu mwenye Malwina ya mwaka wa pili, kisha mwende shambani kwake mwezi wa Juni mkafunue majani.